Maboksi ya Barabara ya Valencia

Arbolada, California
11 Septemba 2022

Anselmo mdogo wangu,

Nakusalimu kabla sijaanza kukugombeza. Tunakusalimu wote: mimi, mpwa wako Yadira, na mwanawe Itzel, ambaye ameniegemea hapa mezani anauliza kwa nini bibi yake anaandika kwa kalamu kama watu wa kale. Nimemwambia mdogo wangu ana sikio moja lililokufa kwa makelele ya bandari, na lile zima analitumia kusikia anachokitaka tu. Nikikupigia simu na jambo zito unasema, "Sikusikii, dada, mtandao mbaya," halafu umekata. Barua huikati.

Habari za hapa ni joto tu. Kuku wanataga siku wakijisikia. Don Filiberto, jirani yetu wa farasi, ameuza farasi wake wote. Alipopakiwa yule mweupe alilia mbele za watu, mzee mzima, na hakuona haya. Na mimi nikalia, ingawa farasi yule amenilia mahindi yangu miaka nenda rudi.

Sasa sikia kilichomfanya auze. Kuna kampuni inataka upande wetu wote wa barabara, ijenge ghala jingine la vitu ambavyo watu wanaagiza mtandaoni. Mbele yetu lipo moja tayari, pale pale kilipokuwa kiwanda alichokuwa mama anafungia machungwa. Kulia lipo jingine. Majirani wote wametia sahihi, tumebaki sisi. Na mimi nataka tuuze, Anselmo. Nalisema waziwazi ili usije ukasema hukunielewa.

Itzel ana pumu. Malori yanapita mbele ya dirisha lake mchana na usiku, na mengine yanasimama yakinguruma yakisubiri zamu ya kupakia. Mtoto ana miaka minane na anaijua pampu yake ya kuvuta kuliko anavyoijua baiskeli. Tukikataa kuuza, watajenga hivyo hivyo kutuzunguka, na geti la malori litakuwa ubavuni mwa chumba chake. Mchoro nimeuona kwa macho yangu.

Mama alituachia nyumba sote wawili, kwa hiyo bila sahihi yako hakuna kitu. Makaratasi nimeyaweka humu ndani. Wanayataka kabla ya Pasaka. Tia sahihi, rudisha, halafu tuendelee kupendana.

Dada yako,
Eulalia


Duluth, Minnesota
20 Oktoba 2022

Dada Eulalia, Lala wangu,

Shikamoo, na salamu kwa Yadira na kwa huyo mdadisi aliyekuegemea. Mwambie watu wa kale ndio tuliobaki na mwandiko.

Mimi ni mzima. Goti linanisumbua kidogo nikipanda ngazi, lakini nani anapanda ngazi? Majani yote yameshadondoka, na ziwa limeanza kuwa na ile rangi ya bati. Juzi nimepita kaburini kwa mke wangu Marlys, nikafagia, nikamsimulia habari zako.

Barua yako imenirudisha mbali. Uliposema kiwanda cha machungwa nikamwona mama kabisa, na kile kitambaa chake kichwani, anazungushia kila chungwa karatasi yake laini na kulipanga kwenye kreti, mikono inakwenda hata haangalii. Unakumbuka zile lebo za rangi kwenye makreti? Unakumbuka kwamba kabati letu lilikuwa makreti, meza makreti, na kwamba mimi nililazwa ndani ya kreti mpaka miguu ikaanza kutokeza? Baba alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu alikuja na mzigo, tukasahau kumpeleka stesheni." Mpaka leo nikinusa ubao mbichi nasikia usingizi.

Na maua, dada! Mwezi wa tatu, michungwa ikichanua bonde zima, harufu inaingia mpaka kwenye mashuka. Hewa ilikuwa safi kiasi unaweza kuinywa. Watoto wa huku nikiwasimulia wanadhani nawatungia hadithi. Mchungwa wa mama hapo nyuma ya jiko bado unazaa?

Mbusu Itzel kwa ajili ya Anselmo, Chemo wenu wa nyumbani.

Mdogo wako,
Chemo


Arbolada, California
2 Novemba 2022

Anselmo,

Leo ni siku ya marehemu. Nimewawekea baba na mama picha yao, mishumaa, mkate na machungwa. Marlys nimemwekea kahawa nyeusi maana najua ndiyo aliyoishi nayo. Wote wamekusalimia.

Mchungwa bado unazaa. Umeandika kurasa tatu, na makaratasi niliyokutumia hukuyagusa hata kwa neno moja. Umejifunza wapi ujanja huo? Mama hakukufundisha.

Na hiyo hewa ya kunywa, ndugu yangu, uliinywa katika bonde gani? Umesahau majiko ya mafuta? Baridi ya kugandisha ikishuka, baba na wenzake walikuwa wanawasha yale majiko katikati ya michungwa ili matunda yasife, na ule moshi mweusi unalala juu ya bonde mpaka asubuhi. Tulikwenda shule pua zimejaa masizi. Wewe ulipenga kwenye mkono wa sweta yangu ya Krismasi, sijasahau na sijasamehe. Mama alifua mashuka, akayaanika, akayaanua meusi, akayafua tena huku akitukana kimoyomoyo.

Sikatai, ile harufu ya maua ilikuwepo. Na mimi naikumbuka. Lakini moshi ule ulikuwa wa siku chache za mwaka, jua likitoka unakwisha, na machungwa yanapona. Huu wa sasa haungoji baridi. Nikipangusa dirisha la Itzel asubuhi, jioni kitambaa kinatoka cheusi. Taa za ghala zinawaka usiku kucha, jogoo wangu amechanganyikiwa, anawika saa yoyote anayojisikia. Lami na mapaa meupe yamekula mashamba yote, kwa hiyo hata jua likizama joto halitoki, linabaki nasi kama mgeni asiyeaga.

Na nikikusikia unauliza, "Basi kwa nini Yadira asiwakemee?" Yadira anafanya kazi humo humo. Anapanga mizigo kwenye malori ghala la mbele. Anatoka nyumbani anavuka barabara kwa miguu, kama bibi yake alivyokuwa akivuka kwenda kiwandani. Kazi inayomlisha mtoto ndiyo inayomkohoza mtoto. Yeye mwenyewe anajua, tusimwongezee.

Tia sahihi, Chemo.

Eulalia


Duluth, Minnesota
18 Desemba 2022

Dada yangu,

Krismasi njema kwenu nyote. Huku theluji imefika kwenye kingo za madirisha. Jirani ananisafishia njia mpaka barabarani, Mungu ambariki. Duka la mwisho la mtaani kwetu limefungwa, yule mzee aliyekuwa anauza misumari na sufuria. Anasema watu wote wanaagiza mtandaoni, hawezi kushindana.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sweta nakulipa mbinguni.

Lakini kuhusu nyumba, siwezi. Usinikasirikie, au nikasirikie, lakini siwezi. Nilipoondoka nilimwambia baba narudi, na miaka ikapita nikiwa huku napakia chuma kwenye meli, nikaoa, nikazika. Kila nikilala najua kuna mlango fulani huko ambao nikiugonga ni wangu. Ukiuza, mimi nitakuwa mtu wa wapi? Wewe umeishi ndani yake maisha yako yote, ndiyo maana unaiona ni kuta tu.

Fungeni madirisha, hasa ya mtoto. Halafu nimewaagizia zawadi, mashine ya kusafisha hewa, nzuri sana, nimesoma maoni ya watu. Nimeomba iletwe haraka. Iwasheni chumbani kwa Itzel na mtaona tofauti.

Msinichukie.

Chemo


Arbolada, California
9 Januari 2023

Anselmo,

Heri ya mwaka mpya. Tamale zetu za unga wa mahindi mwaka huu zilitoka vizuri, Itzel alikula mpaka nikaogopa.

Mashine yako imefika, ahsante. Nakusimulia safari yake, maana Yadira aliifuatilia kwenye simu yake. Ilitoka ghala la mbele ya nyumba. Ningesimama barazani ningeweza kuwaambia, "Leteni hapa, nawaoneni." La! Ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa jangwani wanakochambulia mizigo, ikalala huko, ikarudi na lori jingine mpaka mji wa pili, ikapakiwa kwenye gari dogo, ikaja kutupwa mlangoni kwangu. Mashine ya kusafisha hewa, Chemo. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, halafu kicheko kikaniishia. Boksi lake Itzel anaweza kulala ndani, na mle ndani kuna boksi jingine, na katikati plastiki zimejazwa upepo. Nimewahi kununua mengi maishani, lakini upepo bado.

"Kuta tu," unaniambia. Nani amepaka chokaa kuta hizo? Nani alimwogesha mama ndani ya kuta hizo alipokuwa hajui tena jina lake? Wewe unaota nyumba. Mimi nafagia masizi yake. Nilikaa na sentensi yako hiyo Krismasi nzima, na imeniuma, basi ujue.

Sasa kuna jambo jingine. Kabla ya Krismasi Yadira alikuwa kwenye zamu, anapanga mizigo, akaliona jina lako. Anselmo Barragán, Duluth. Akafurahi, akalipiga busu boksi, msimamizi akamtazama kama kichaa. Kesho yake akaliona tena. Wiki ile ile, tena. Amekuwa akiniambia kila akirudi, "Mama, mjomba leo yumo." Anasema ni maboksi mepesi, kama hayana kitu, na yote yana alama nyekundu ya haraka. Yenye alama hiyo hayaendi kwa treni wala kwa lori njia nzima. Yanapanda ndege.

Unaagiza nini, mdogo wangu? Sikuulizi kwa ubaya. Mtu anayeishi peke yake anahitaji vitu vingapi?

Eulalia


Arbolada, California
14 Februari 2023

Anselmo,

Salamu. Barua yangu hujaijibu, na simu hupokei.

Itzel alilazwa. Alianza kukohoa mezani, midomo ikageuka rangi, pampu haikusaidia. Yadira alikuwa kazini, nikambeba mimi mpaka kwa Don Filiberto, akatuendesha akiwa na pajama zake. Barabara ilikuwa imezibwa na malori yanayosubiri kuingia getini. Don Filiberto akashuka, akawa anaipiga ngumi milango ya malori mmoja mmoja, anapiga kelele, "Mtoto! Kuna mtoto!" Wakasogea. Madereva si watu wabaya. Mmoja alikuwa analia.

Ametoka hospitali, yuko kitandani, anachora. Daktari ameniuliza tunaishi wapi. Nilipomtajia barabara alifunga faili lake.

Sitakuomba tena. Nimeomba vya kutosha.

Eulalia


Duluth, Minnesota
27 Februari 2023

Dada,

Makaratasi haya hapa. Nimetia sahihi kila mahali palipowekwa alama na hata mahali pasipowekwa. Yapeleke leo, usingoje kumaliza kunisoma.

Ulipoandika mara ya kwanza kuhusu maboksi niliona aibu, nikanyamaza. Kisha simu ikawa inalia nikajua ni wewe unataka jibu, nikaiacha ilie. Kumbe ilikuwa inalia kwa ajili ya mtoto. Hilo litanikaa rohoni, na ni haki yangu linikae.

Umeniuliza naagiza nini. Baridi ya kwanza baada ya Marlys sikuwa natoka. Goti si la kusumbua kidogo, dada, nilikudanganya, ngazi siwezi kabisa na nalala sebuleni. Jirani akanifundisha kuagiza kwa simu. Nikaagiza glavu. Boksi likaja, nikalichukua pale mlangoni, na kwenye lebo, upande wa mtumaji, nikasoma: Barabara ya Valencia, Arbolada, California. Barabara yetu! Imechapwa, na wino mweusi, imekuja mpaka kwenye theluji ya mlango wangu. Nilikaa chini na boksi mapajani. Glavu hata sikuzitoa.

Basi nikawa naagiza. Vibanio vya nguo, kitana, betri, kamba za viatu. Nilijifunza vitu gani vinatoka huko, na kikija kitu cha ghala jingine nakirudisha. Nilibonyeza haraka kwa sababu siku isiyo na boksi ilikuwa ndefu. Nimeyapanga chumba cha juu alichokuwa Marlys anashonea, jirani ananipandishia. Mengine sijayafungua mpaka leo. Nikimwomba anishushie moja, naisoma anwani ile na naisikia ile harufu ya makreti, wallahi naisikia, ingawa ni karatasi tu na gundi.

Nilikuwa nadhani najiletea nyumbani huku. Kumbe kila nilipobonyeza, lori lilipita mbele ya dirisha la mtoto. Hakuna aliyenificha. Wewe uliniandikia tangu Septemba. Mimi ndiye sikutaka kuviweka viwili hivyo pamoja, boksi langu na kifua chake.

Nina ombi moja, na ukikataa sitanuna. Kabla hawajabomoa, nikatie kijiti cha mchungwa wa mama unitumie. Nitakipandikiza ndani ya nyumba, kwenye ndoo, karibu na dirisha. Najua baridi ya huku. Nataka nijaribu tu.

Mwambie Itzel mjomba wa mama yake anaomba msamaha. Usimweleze sababu kama unaona ni mapema.

Anselmo


Arbolada, California
26 Machi 2023

Chemo wangu,

Makaratasi nimeyapeleka siku ile ile. Ahsante. Nilitaka kukujibu nikiwa na hasira, nikaona nisubiri, kisha nikasubiri na hasira ikaisha, nikakuta nimebaki na huruma tu, nikaichukia pia. Ndiyo maana nimechelewa.

Kwanza, hicho kitana. Mimi nina miaka sabini na minne sijapanda ndege hata ya kuzunguka bonde. Kitana chako kimepanda! Na kumbe huchani nacho! Yadira alicheka mpaka machozi, akasema na vile unavyovirudisha usidhani vinarejea rafuni. Huko kwao vinavyorudi vingi vinatupwa kwenye pipa la kusagwa, na mifuko yake haijafunguliwa. Basi ukitaka kujua ulivyovirudisha viliishia wapi, viliishia kwenye pipa la ghala lao, vimesafiri mara mbili kwenda kufa vilikozaliwa.

Nimemaliza kukugombeza.

Kijiti sikutumii. Kuna ugonjwa wa michungwa, wakaguzi wa mimea wamefunga wilaya yote, haitoki miche, haitoki vijiti, hata jani. Walikuja mpaka uani wakaukagua mti wa mama, mmoja akaupapasa shina akasema hajaona mkubwa hivi katika nyumba ya mtu. Nikamwambia ndio uliobaki wa shamba zima. Hauna ugonjwa, lakini hautoki. Utakatwa hapa hapa.

Umechanua, Chemo. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini nani mwingine nimwambie? Juzi malori yalipungua kidogo, sijui kwa nini, pengine sikukuu yao. Nikafungua dirisha la jikoni. Ikaingia. Ile ile. Nikasimama na sahani mkononi, nikamsikia mama anatuita tukanawe miguu. Umeniandikia kwamba mimi naona kuta tu. Ningekuwa naona kuta tu ningeondoka zamani, mjinga wewe. Nilibaki kwa sababu ya dirisha hilo, nikabaki, nikabaki, mpaka mtoto akaanza kukohoa. Na mimi sikutaka kuviweka viwili pamoja. Tuko sawa.

Wamenionyesha mchoro mpya. Mahali wafanyakazi watakapofungia mizigo ni pale pale lilipo jiko. Kwa hiyo ujue, ukiagiza kitu baada ya mwaka ujao, kitatoka jikoni kwa mama.

Machungwa yaliyokuwa bado mtini nimeyachuma yote, nimepika jemu kama alivyokuwa anapika, na maganda yake, na moto mdogo. Kupikwa hawakatazi. Nimekutumia chupa za jemu kwa posta ya kawaida, polepole, zitafika zitakapofika. Nimezifunga ndani ya boksi la ile mashine yako. Lebo nimeibandua, anwani nimeandika mwenyewe kwa mkono, yako na yetu.

Sasa la mwisho. Kila nyumba tunayoiangalia bonde hili ina ghala mbele au ghala nyuma. Yadira anasema atakwenda popote palipo na kazi isiyokuwa ya maboksi. Itzel anauliza kama ni kweli theluji inafika madirishani. Wewe hukutualika, na najua hukututaja kwa sababu unaogopa tutakataa. Nakujua tangu ukiwa kwenye kreti.

Kiondolee maboksi kile chumba cha kushonea. Tunakuja shule zikifungwa. Kwa treni.

Dada yako,
Lala


Duluth, Minnesota
21 Mei 2023

Dada yangu Lala,

Shikamoo. Barafu imeondoka ziwani. Salamu kwa Yadira, na mwambie nimezungumza na mama mmoja wa jikoni shuleni, karibu tu na hapa, wanatafuta mtu wa kupika. Anasema aje aonane nao, ila wali wao hauna chumvi na asiwabadilishe ghafla wakashtuka.

Mwambie Itzel theluji inafika, lakini kwa sasa aje na viatu vya kuchezea mawe ya ufukweni. Ni mengi mno, na hayana mwenyewe.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama, kwa goti hili. Halafu nikamwita jirani tukaanza kushusha. Dada, yalikuwa mengi. Tuliyakata, tukayalaza, tukayafunga kwa kamba, gari lake la mizigo limekwenda na kurudi mpaka mke wake akatoka nje kushangaa. Vitu vya ndani nimewapa watu wa kanisa. Mchungaji ameniuliza kwa upole kama niliwahi kuwa na duka. Sijaagiza kitu tangu Februari. Siku ni ndefu, sikudanganyi. Nimezoea kukaa barazani nikimngoja mtu wa posta, naye mara nyingi hana kitu, anasimama tunaongea.

Jana alikuwa na kitu. Chupa moja ilipasuka njiani, boksi limelowa pembeni. Sikuja nalo mezani, nilikaa nalo pale pale kwenye ngazi nikafungua na kisu cha mfukoni. Nikaonja kwa kidole. Ndiyo yenyewe, na ule uchungu wa ganda mwishoni. Nililia, Lala, mtu wa posta akiwa amesimama. Nikampa na yeye aonje, akasema ni tamu ila ina ukali. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa.

Boksi hilo nimelibakiza, hilo moja tu, kwa sababu ya mwandiko wako. Halitaagizwa tena na halitarudishwa.

Chumba kiko tupu. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikikalia ngazi moja moja mpaka juu, nikitaka kukiona kwa macho yangu. Nimefuta vumbi, kitanda kinakuja Ijumaa kutoka kwa dada wa jirani. Dirisha lake lilikuwa limeganda kwa rangi ya zamani, Marlys hakuwahi kulifungua. Niliona mtoto asije akakuta hivyo, nikalihangaikia na kile kisu mpaka likakubali.

Linafunguka sasa. Nimeliacha wazi.

Mdogo wako,
Chemo